Redio Isiyo na Valvu: Mtambo wa Grimeton na Mawimbi Yake Marefu

Karibu na mji wa Varberg, pwani ya magharibi ya Sweden, kipo kituo cha redio ambacho mtambo wake mkuu unazalisha mawimbi bila valvu wala transista. Kuna mota, giaboksi na gurudumu la chuma linalozunguka, basi. Kituo hicho kinaitwa Grimeton, na mashine iliyofungwa humo miaka mia moja iliyopita bado inarusha ujumbe hewani.

Chanzo chake ni nyaya. Zamani simu za maandishi zilivuka Atlantiki kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari, nazo nyingi zilikuwa mikononi mwa mataifa makubwa. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, Waingereza walizikata nyaya za Ujerumani siku za mwanzo kabisa. Sweden haikuwa vitani, lakini iliona wazi kwamba mwenye waya ndiye mwenye kauli. Tena ilikuwa na ndugu wa kuwasiliana nao ng'ambo, kwani zaidi ya Wasweden milioni moja walikuwa wamehamia Marekani. Bunge likaidhinisha kujenga kituo cha taifa, na tarehe 2 Julai 1925 Mfalme Gustaf wa Tano akakizindua rasmi.

Mahali penyewe palichaguliwa kwa hesabu. Njia fupi kuliko zote kutoka Varberg hadi New York, ukiifuata juu ya tufe la dunia, hupita kati ya Denmark na Norway, ikaambaa kaskazini ya Uskoti, kisha ikaingia Atlantiki. Sehemu yake kubwa ni bahari. Mawimbi marefu hutambaa juu ya uso wa dunia, na maji ya chumvi, kwa kuwa yanapitisha umeme vizuri, hayayanyang'anyi nguvu kama inavyofanya nchi kavu yenye mawe.

Sasa tuingie kwenye mashine. Aliyeibuni ni Ernst Alexanderson, mhandisi aliyezaliwa Uppsala mwaka 1878 akaenda kufanya kazi katika kampuni ya General Electric, Marekani. Mitambo mingi ya redio ya zama zake ilitumia cheche za umeme, na kila cheche ilitoa wimbi linalofifia upesi. Alexanderson alitaka wimbi lisilokatika. Kanuni aliyoitumia ni ile ile ya dainamo ya baiskeli: badili nguvu ya sumaku mbele ya koili, umeme utazaliwa. Ugumu ulikuwa kwenye kasi. Umeme wa majumbani mwetu hutetema mara 50 kwa sekunde. Yeye kwa Grimeton alihitaji mara 17,200, yaani kilohezi 17.2.

Jibu lake ni gurudumu la chuma lenye kipenyo cha mita 1.6. Kwenye ukingo wake zimechongwa nafasi 488, zikajazwa metali isiyovutwa na sumaku ili ukingo ubaki laini na usipambane na hewa. Kila chuma na nafasi vinapopita mbele ya koili, nguvu ya sumaku hupanda na kushuka mara moja. Mota huzunguka mara 711 kwa dakika, giaboksi inaongeza mwendo karibu mara tatu, na gurudumu linafikia mizunguko 2,115 kwa dakika. Zidisha 488 kwa 2,115, gawanya kwa 60, utapata 17,202. Redio nzima imo katika hesabu hiyo. Ukingo wa gurudumu wakati huo unakimbia zaidi ya kilomita 600 kwa saa, ukiwa umeachana na koili kwa mwanya wa karibu milimita moja tu. Kwangu mimi huu ni miongoni mwa ufundi bora kabisa wa karne ya 20, na inasikitisha kwamba jina la Alexanderson halitajwi sana nje ya ulimwengu wa mafundi.

Wimbi la kilohezi 17.2 lina urefu wa zaidi ya kilomita 17. Antena ya wima yenye robo ya urefu huo ingehitaji mnara wa kilomita nne na zaidi, jambo lisilowezekana. Grimeton ina minara sita ya chuma, kila mmoja mita 127, iliyopangwa kwa mstari kila baada ya mita 380. Kwa wimbi kubwa namna hiyo minara hii ni mifupi mno, na antena fupi hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake ardhini. Dawa ya Alexanderson ilikuwa kutotegemea waya mmoja wa kushuka chini. Kwenye kila mnara alishusha waya wake wenye koili yake, mkondo wa umeme ukagawanyika sehemu sita, na upotevu ardhini ukapungua sana.

Mawimbi mafupi, yanayohitaji mitambo midogo na umeme kidogo, yalikuja kuchukua kazi ya simu za maandishi, na mitambo ya aina hii kwingineko ikavunjwa. Grimeton ilinusurika kwa sababu mawimbi marefu sana hupenya maji ya bahari kwa mita kadhaa, kitu ambacho mawimbi mafupi hayawezi. Jeshi la Majini la Sweden likaitumia antena ile kuwasiliana na nyambizi. Mwaka 2004 UNESCO ilikiingiza kituo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kila mwaka, Jumapili iliyo karibu na tarehe 2 Julai, na pia mkesha wa Krismasi, kwa kawaida gurudumu huwashwa tena na alama za Morse hutoka kwa jina la kituo, SAQ. Masafa hayo yako chini kiasi kwamba koili ya waya, kompyuta yenye kadi ya sauti na programu ya bure vinatosha kuyanasa kwa walio karibu kiasi. Walimu wa fizikia mnaofundisha mawimbi na sumaku, wapeni wanafunzi namba hizi: 488, 2,115 na 60. Waache wapige hesabu wenyewe.