Kuzuia Programu Isimalize Kumbukumbu ya Kompyuta

Umewahi kuona kompyuta ikiganda, mshale wa kipanya hausogei, na kazi yako hujaihifadhi? Mara nyingi chanzo ni programu moja iliyokula RAM yote.

Programu zote zilizofunguliwa, pamoja na mfumo endeshi, hugawana RAM. Ikijaa, mfumo endeshi huhamishia baadhi ya data kwenye diski. Diski ni ya polepole kuliko RAM, hivyo kompyuta hutumia muda mwingi kuhamisha data badala ya kufanya kazi. Nafasi ikikosekana kabisa, Linux huchagua programu ya kuifunga kwa nguvu, na inayofungwa si lazima iwe ile yenye kosa.

Sababu kuu ni tatu:
(a) Mzunguko usio na mwisho unaoongeza data kwenye orodha.
(b) Programu kuomba nafasi na kutoiachia baada ya kuitumia.
(c) Kusoma faili kubwa lote kwa mara moja.

Namna ya kuzuia

1. Weka kikomo kabla ya kuendesha programu. Katika Linux, andika kwenye dirisha la amri:

ulimit -v 1048576

Namba hiyo ni kilobaiti. Kwa kuwa 1024 × 1024 = 1048576, kikomo ni GB 1. Programu utakayoianzisha kutoka dirisha hilo ikiomba zaidi, itanyimwa. Kwa kawaida itasimama yenyewe, na nyingine zitaendelea.

2. Ondoa chanzo. Hakikisha kila mzunguko una sharti la kuusimamisha, achia nafasi isiyohitajika, na soma faili mstari kwa mstari.

Kumbuka: kikomo hakirekebishi kosa, kinazuia tu madhara yasienee. Usijibu pia kwamba dawa ni kuongeza RAM. Mzunguko usio na mwisho utajaza GB 4, na utajaza GB 16 vilevile. Tofauti ni muda tu.

Jipime

Mwanafunzi ameandika ulimit -v 524288. Programu yake itaruhusiwa MB ngapi?

Jibu: 524288 ÷ 1024 = MB 512. Onyesha hatua ya kugawanya. Usiandike jibu peke yake.