Kihisi Kikae Wapi Ndani ya Kitalu Nyumba?

Wanachuo wengi tunakitaja kitalu nyumba kama njia ya kujiajiri. Kikundi cha vijana kinaomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ambao asilimia 4 ni ya vijana, kinajenga na kupanda nyanya. Swali linalosahaulika ni moja: kihisi, yaani kile kifaa kidogo cha kupima joto na unyevu, kinawekwa wapi? Mara nyingi ni mlangoni, maana ndipo panapofikika kirahisi.

Hapo ndipo hasara inapoanzia. Mchana joto likizidi nyuzi 32 hivi, maua mengi ya nyanya hupukutika bila kushika tunda. Usiku majani yakikaa na maji muda mrefu, ukungu unaingia. Na huku kwetu Mwanza, mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku hugeuka. Kwa hiyo upande wa neti unaotazama ziwa unaweza kuwa umepoa wakati kona ya nyuma inachemka. Kihisi cha mlangoni kinasema mambo shwari, kumbe nyuma maua yanadondoka. Na mkopo hausubiri.

Sasa kwa nini tusijaze vihisi kila kona? Bei. Ndiyo maana watafiti wanatumia kujifunza kwa mashine, yaani kompyuta inayotafuta mpangilio kwenye data yenyewe.

Tunaosomea ualimu tunalijua jambo hili. Mwalimu akiwauliza wa dawati la mbele tu, atadhani darasa zima limeelewa. Mwalimu mzoefu huchagua wachache ambao majibu yao yanamwambia hali ya wengine wote. Mashine inafanya hivyohivyo. Kwanza vinawekwa vihisi vingi kwa wiki chache. Kisha programu inapima: nikibaki na hiki peke yake, naweza kukisia vingine kwa usahihi kiasi gani? Vihisi viwili vinavyosema jambo lilelile, kimoja kinaondolewa. Mwishoni vinabaki viwili au vitatu, vingine vinahamia kwenye kitalu cha kikundi kingine.

Mwaka 2008 Andreas Krause, Ajit Singh na Carlos Guestrin walichapisha kazi inayojulikana sana kuhusu suala hili, wakitumia pia data za joto za vihisi 54 vilivyowekwa ndani ya maabara moja Marekani. Walionyesha kwamba ukifuata tu sehemu zenye mashaka zaidi, vihisi vinakimbilia pembeni kabisa, na sehemu ya nguvu yao inapotea kupima nje ya eneo unalolitaka. Bora kuchagua sehemu zinazoeleza mengi kuhusu sehemu zilizobaki. Pia kila kihisi unachoongeza kina faida ndogo kuliko kilichotangulia.

Tahadhari zipo. Data za kiangazi hazitoshi kuamulia masika. Mimea ikirefuka, hewa inapita tofauti, kwa hiyo kipimo kirudiwe. Na kihisi kisiachwe juani, kitapima jua badala ya hewa.

Vikundi vitatu vikichanga seti moja ya vihisi, na wenzetu wa kompyuta wakachakata data, kazi hii inafanyika hapahapa. Kabla ya kununua kihisi cha pili, jua kwanza cha kwanza kinakuficha nini.