GITAA LA MEKSIKO LASIKIKA HULUGHO

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Nami, kwa idhini yao, naongeza: na kusikia mengi vilevile. Maana haikunipitikia hata siku moja kwamba nitaketi mkekani huko Hulugho, si mbali na mpaka wa Somalia, baada ya sala ya isha, nikisikiliza gitaa la Mmeksiko pamoja na mzee wa Kisomali aliyeishi umri wake wote nyuma ya ng'ombe. Wala sikujua kwamba usiku huo yeye ndiye atakayekuwa mwalimu, na mimi mwanafunzi.

Hulugho nilikwenda kumjulia hali mpwa wangu, tabibu kijana aliyepelekwa huko kikazi. Safari ya kutoka Garissa kupitia Masalani ni ya mchanga na vichaka, na kwa hali ya usalama ya miaka hii msafiri hupanga mwendo wake afike jua lingali juu. Usiku mji hutulia mapema. Sauti zilizobaki ni za mifugo, na za watoto wa duksi, ndivyo waitavyo chuo cha Kurani, wakirudia aya zao na mbao mikononi, kama tulivyokuwa sisi utotoni huku pwani.

Mimi sisafiri bila muziki. Zamani nilibeba kaseti. Siku hizi simu na spika ndogo hutosha. Safari hii nilichukua sonata za gitaa za Manuel Ponce.

MTUNZI MWENYEWE

Ponce alizaliwa mwaka 1882 katika mji wa Fresnillo, jimbo la Zacatecas, akafariki Mexico City mwaka 1948. Kwanza alikuwa mpigaji piano, na watu wa kwao walimjua zaidi kwa wimbo wake wa mapenzi wa mwaka 1912, 'Estrellita', yaani Kinyota. Gitaa lilimjia baadaye. Mwaka 1923 Mhispania Andrés Segovia, bingwa wa gitaa, alifika Mexico City kupiga hadharani. Ponce, ambaye naye aliandika magazetini, akamsifu kwa kalamu yake. Segovia akamwomba amtungie kitu, na hapo ikapatikana Sonata Mexicana.

Mwaka 1925 Ponce alikwenda Paris, akakaa chini kusoma tena kwa mwalimu Paul Dukas, ilhali umri wake umekwisha pita miaka 40. Elimu haina mzee! Huko ndiko zilikotoka Sonata III ya 1927, Sonata Romántica ya 1928 kwa heshima ya Schubert, na Sonata Clásica ya 1930 kwa heshima ya Fernando Sor, mtunzi wa gitaa wa Kihispania. Ikatoka pia Sonatina Meridional, iliyotiwa ladha ya kusini mwa Hispania.

Msomaji aliyezoea taarab asiogope neno sonata. Ni muziki wa ala, usio na maneno, aghalabu wa sehemu tatu au nne. Sehemu ya kwanza mara nyingi hujengwa juu ya mada mbili, nazo huenda kama malumbano ya washairi. Wa kwanza hutoa hoja yake. Wa pili akajibu kwa bahari nyingine. Kisha hoja zote mbili hukatwakatwa, hupinduliwa, hujaribiwa. Mwisho hurudi nyumbani, zote mbili kwa kituo kimoja. Ukilijua hilo, hutauliza tena mbona mtu huyu anazungukazunguka. Utajua unangoja nini.

SIKIO LA HAJI

Tulikuwa katika hali hiyo alipoingia mwenye nyumba ya mpwa wangu, ameleta maziwa. Mpwa wangu akainuka kumpokea.

"Adeer, huyu ndiye mjomba wangu, mshairi wa pwani."

Tukaamkiana, tukaulizana hali na safari. Kisha mzee akaielekea ile spika.

"Maalim, hiyo ni kaban?"

Kaban ndilo jina la Kisomali la udi.

"Hapana, Haji. Hilo ni gitaa, na aliyetunga ni mtu wa Meksiko."

"Basi mkono wa huyo mtu unaijua kaban," akasema, akaketi.

Nikamwekea Sonatina Meridional toka mwanzo. Ina sehemu tatu: Campo, Copla na Fiesta, yaani nyika, ubeti wa wimbo, na sherehe. Ilipokwisha Campo, Haji akatikisa kichwa. "Wawili wamebishana, halafu wamepatana." Mimi jambo hilo lilinichukua vitabu kulifahamu!

Ikaingia Copla. Ni fupi, ya polepole. Sauti moja huimba juu, na nyuzi nene huitikia chini yake. Haji aligeuza uso akatazama mlangoni. "Rudisha," akasema. Nikarudisha mara tatu. Fiesta aliisikiliza kwa adabu tu. "Hii ni ya vijana."

Nilikuwa na rekodi mbili za kipande hicho: ya Segovia mwenyewe, na ya mpigaji mmoja wa siku hizi. Ya leo ni safi, kila kidole kinasikika, mwendo haupindi. Ya Segovia ina mikwaruzo ya zamani, naye hukawia juu ya noti aipendayo. Mara huchuna karibu na daraja la gitaa, sauti ikawa kavu, mara juu ya tundu, ikawa asali. Nilimpigia Haji zote mbili bila kumwambia ipi ni ya nani. Akachagua ya Segovia. "Huyu anasema. Yule anasoma." Tangu siku hiyo sijapata maneno bora ya kupambanua rekodi mbili.

Wala sikio lake halikukosea juu ya ukoo. Udi ulikuwa Andalusia karne nyingi, maana Waislamu walitawala sehemu za Hispania toka 711 hadi 1492, na bingwa Ziryab, aliyetoka Baghdad, aliwasili Córdoba mwaka 822. Jina lenyewe, al-ud, ndilo walilogeuza Wahispania wakasema laúd. Gitaa lilikulia katika nchi hiyo hiyo, jirani na udi, na Wahispania walipovuka bahari kwenda Meksiko katika karne ya 16, nyuzi zao zilivuka pamoja nao. Udi nao ulikwenda njia yake, kwa majahazi ya Uarabuni, ukafika kwetu pwani na kwa Wasomali. Abdullahi Qarshe, aliyeitia kaban katika nyimbo mpya za Kisomali, alizaliwa Moshi, Tanganyika, mwaka 1924. Kwa hivyo usiku ule Hulugho walikutana jamaa wa mbali. Mmoja hupigwa kwa kucha na shingo yake ina vipingo. Wa pili hupigwa kwa risha, na shingo yake ni laini.

KASETI YA NDUGU

Ndipo Haji akamtuma mjukuu wake ndani. Mtoto akarudi na kaseti moja, imefungwa katika kitambaa.

Akatusimulia. Ujanani yeye na mdogo wake walipiga kaban. Yeye aliiacha alipotoka hija. Mdogo wake hakuiacha, na sasa ni marehemu. Katika miaka ya 1980 mtu mmoja alimrekodi arusini, na hicho ndicho kilichobaki. Miaka mingi haikuchezwa: redio ilikufa, na utepe ulijikunja ndani.

Maalimu wangu wa chuo alitufundisha kwamba nyuzi ni mchezo wa shetani. Baadaye nilisoma nikaona wanavyuoni wamehitilafiana, na mimi si wa kuwaamulia hapa gazetini. Lakini nilimwuliza Haji: aliyeacha kaban, mbona anaitunza kaseti?

"Kaban niliiacha," akanijibu. "Ndugu yangu sikumwacha."

Sikupata la kusema. Usiku huo usingizi haukunijia upesi. Niliwaza jinsi sauti zinavyookoka na zinavyopotea.

Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka kwenda Bombay kurekodi sahani za HMV. Leo tungali twamsikia. Mwaka 1930 kampuni hiyo hiyo ilimrekodi Segovia akipiga tungo ya Ponce juu ya wimbo wa kale wa La Folía. Upande mmoja wa sahani haukuchukua zaidi ya dakika 4 au 5, kwa hivyo kati ya sura 20 alizozitunga Ponce, Segovia alirekodi baadhi tu. Lakini hizo baadhi tunazo. Mwaka 1936, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Hispania, nyumba ya Segovia mjini Barcelona iliporwa, na miongoni mwa hati zilizopotea ni Sonata II ya Ponce. Ndiyo maana leo tunayo ya tatu, na ya pili hatuna. Haikuwa imerekodiwa.

Na karibu nasi zaidi: mwaka 1988 mji wa Hargeysa ulipopigwa mabomu, watu walizifukia ardhini kaseti za nyimbo ili zisiangamie. Baada ya vita zikafukuliwa, nazo leo zimehifadhiwa mjini humo humo. Waliozifukia hawakuwa na maktaba wala fedha. Walikuwa na jembe na mapenzi.

Asubuhi mpwa wangu alizunguka madukani, akapata redio kaseti kuukuu ya mwenye duka mmoja. Tukaufungua mkanda, tukaukunjua utepe kwa penseli, tukakata palipolika, tukaunganisha kwa kipande cha gundi. Nikaweka simu karibu na spika, tukaomba Mungu. Tukapata dakika 9; kilichobaki kilikuwa kimefutika.

Mwanzoni ni makelele ya arusi, na mtu anakohoa. "Huyo ni mimi," akasema Haji. Kisha kaban ikaingia, polepole, sauti moja juu na nyuzi nene zikiitikia. Nikafahamu kwa nini alitaka Copla irudishwe mara tatu.

Sitasema marehemu alikuwa sawa na Segovia. Kulinganisha huko hakuna faida. Nasema hili: Mmeksiko aliyekufa mwaka 1948 amesikika Hulugho kwa kuwa kulikuwa na mtu aliyeona inafaa kumrekodi. Marehemu wa Hulugho amesikika kwa sababu hiyo hiyo, na alibakiza kidogo tu apotee.

Basi, msomaji wangu, nina maombi mawili. La kwanza, ukiipata sonata ya Ponce, iketie kitako uisikilize hadi mwisho, kama unavyomsikiliza mtu mwenye hoja. Usiipige huku unafanya jingine. Anza na Sonatina Meridional, kisha Sonata III, kisha Romántica. La pili ni kubwa zaidi. Kama nyumbani kwako, Lamu, Mombasa, Unguja au Garissa, iko kaseti ya udi, ya gambusi, ya kaban, au ya bibi yako akisoma utenzi, usingoje. Inakili mwaka huu, maana utepe haungoji.

Njiani kurudi niliuandika ubeti huu, nikampelekea mpwa wangu amsomee Haji:

Si fedha wala si noti, ni amana itunzeni,
Akifikwa na mauti, mwenyewe yu kaburini,
Itasaliya sauti, i hai masikioni,
Isije kama baiti, kufutika mchangani.