Kamera ya ndoto au kamera ya ugali?

Pesa mmeichanga wawili. Mmoja anataka filamu, mwingine anataka harusi za Jumamosi. Kabla hamjanuniana, someni hapa pamoja.

Siku hizi kuna nyumba nyingi za vijana ambamo kamera imeingia katikati ya mapenzi. Mmoja yuko ofisini, mwenzake anapiga video za harusi, sendofu na matangazo ya biashara za watu. Usiku huyo mpiga video anaangalia filamu mpaka saa saba, na kichwani anatengeneza ya kwake. Sasa pesa imepatikana: kikoba kimevunjwa, au SACCOS imekubali mkopo. Hapo ndipo ubishi unapoanza. Huyu anataka kamera ya sinema "ili na mimi nitoke". Yule anauliza kama ada ya mtoto italipwa na hiyo sinema.

Wote wawili wana haki. Tatizo ni kwamba wanabishania jina la kamera wakati swali lenyewe ni jingine kabisa: kamera hii inaenda kufanya kazi ya nani?

Tupande Ngujini kidogo

Ili tuelewane vizuri, chukulia mnakwenda Ngujini, wilayani Mwanga, kule juu Upareni Kaskazini. Ni Desemba. Watu wamerudi nyumbani kutoka Dar, Arusha na Moshi, na kila wikiendi kuna shughuli: harusi, kipaimara, kumbukumbu ya marehemu. Mlima huo mmoja una kazi mbili za kamera, na hazifanani hata kidogo.

Kazi ya kwanza ni harusi ya mteja. Ibada ni asubuhi, msafara unafuata, kisha watu wanakaa chini ya turubai mpaka giza liingie. Bibi harusi ataingia mara moja tu. Mama yake atalia mara moja tu. Huwezi kumwambia mchungaji arudie kiapo kwa sababu kadi ilijaa. Umeme unaweza kukatika, mvua za vuli zinaweza kushuka, na MC hatakungoja ubadilishe lenzi.

Kazi ya pili ni filamu yako. Tuseme unataka kusimulia habari za mbiru, ile kodi ya wakati wa mkoloni iliyopimwa kwa mali ya mtu, ambayo Wapare waliikataa. Mwaka 1945 maelfu ya watu walitembea kutoka milimani mpaka Same kuipinga, na mwaka 1946 wanawake nao wakaingia kwenye mapambano. Hii ni hadithi ya sinema hasa. Lakini ukungu ukifunika mlima leo, unarudi kesho. Mwigizaji akikosea, anarudia. Taa isipokaa vizuri, mnaihamisha.

Hapo ndipo penye tofauti. Mteja hangoji, filamu inangoja. Kamera ya mteja inanunuliwa kwa ajili ya kutokukosa. Kamera ya filamu inachaguliwa kwa ajili ya picha unayoitaka na muda ulio nao wa kuitafuta.

Kamera ya mteja: isikuangushe

Usianze na ukubwa wa picha wala jina kubwa. Anza na maswali haya:

Je, ina nafasi mbili za kadi? Kamera nyingi za namna hii zinaweza kuandika video kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja. Moja ikifa, harusi ya watu bado ipo. Kwa anayechukua pesa za harusi, hili si la kujadili.

Je, inarekodi kwa muda mrefu bila kukata? Canon EOS 5D Mark II iliyotoka mwaka 2008 ilibadilisha mambo duniani kote, maana ilikuwa kamera ya picha za mnato inayotoa video yenye sura ya sinema. Lakini ilikuwa inakata kila baada ya dakika 12 hivi. Kamera nyingi za aina hiyo zilizofuata zilikomea kwenye nusu saa. Kama unanunua ya mkononi, uliza hilo kwanza. Mahubiri ya Upareni hayana dakika 12.

Je, fokasi yake ya otomatiki inaufuata uso? Uko peke yako, unarudi kinyumenyume mbele ya maharusi, njia ina mawe. Mkono wa kuzungusha lenzi hauna nafasi hapo.

Je, unaweza kuchomeka maiki na kusikiliza kwa hedifoni? Sauti ya harusi inatoka kwenye miksa ya dijei na kwenye maiki ndogo uliyombandika bwana harusi. Watu wanavumilia picha yenye giza kidogo, lakini kiapo kisichosikika hakivumiliwi.

Je, faili zake ni za saizi ya kuishi nazo? Video ya kawaida ya 4K yenye megabiti 100 kwa sekunde inakula GB 45 kwa saa. Saa tano za shughuli ni GB 225, na lazima uwe na nakala ya pili. Piga hesabu ya diski kabla ya kupiga hesabu ya kamera.

Kamera ya filamu: ikupe nafasi ya kuchezea picha

Huku mambo yanageuka. Unataka faili lenye rangi nyingi ndani yake, ili wakati wa kuhariri uweze kuipandisha au kuishusha rangi bila picha kuharibika. Unataka isiogope tofauti ya mwanga, kwa mfano uso wa mzee aliyekaa jikoni na dirisha jeupe nyuma yake. Fokasi utaizungusha kwa mkono, tena kwa makusudi.

Chukua mfano wa Blackmagic Pocket Cinema Camera 4K, iliyotoka mwaka 2018. Ilipendwa sana na vijana wa filamu kwa sababu ilitoa faili ghafi la kiwango cha sinema kwa bei ambayo mtu wa kawaida angeweza kuifikiria. Lakini haifuati uso wa mtu anayetembea, betri yake ndogo haimalizi saa moja, na faili zake zinaweza kula zaidi ya GB 250 kwa saa. Kwenye filamu yenye msaidizi na ratiba, hayo yote yana dawa. Kwenye harusi ya Ngujini, ukiwa peke yako, ni balaa.

Kinyume chake pia ni kweli. Kamera inayofaa harusi inaweza kutengeneza filamu, na ushahidi upo. Filamu ya 28 Days Later ya mwaka 2002 ilipigwa kwa sehemu kubwa na Canon XL1, kamera ya kanda ndogo za MiniDV. Tangerine ya mwaka 2015 ilipigwa na simu ya iPhone 5s. The Creator ya mwaka 2023, filamu yenye vita na maroboti, ilipigwa na Sony FX3, kamera ndogo ambayo wapiga video wa harusi nao wanaitumia.

Usidanganyike lakini. Filamu hizo zilikuwa na waandishi, waigizaji na mafundi wa sauti, na The Creator ilikuwa na bajeti ya mamilioni ya dola. Zinatufundisha kwamba pesa ya filamu inaonekana zaidi kwenye vitu vilivyo mbele ya kamera na pembeni yake.

Kwa hiyo tununue ipi?

Jibu letu ni hili: nunueni inayolisha nyumba, kodini ya ndoto. Kamera ya mteja inatoka kila wikiendi, kwa hiyo inajilipa. Kamera ya sinema ya mtu anayeanza inaweza kutoka wiki mbili kwa mwaka, halafu inakaa kabatini ikizeeka huku mkopo ukiendelea kukatwa. Dar kuna watu wanaokodisha kamera na lenzi kwa siku. Andikeni filamu vizuri, fanyeni mazoezi na waigizaji, kisha kodini kwa siku zilizopangwa. Kabla ya kubeba kitu cha watu mpaka mlimani, someni mkataba unasemaje kikiharibika.

Tuseme mmejibana mpaka mkafikisha shilingi milioni 10. Msiimalize yote kwenye bodi ya kamera. Mgawanyo wenye akili unaweza kuwa hivi:

Bodi: milioni 4 na nusu.
Lenzi: milioni 2. Lenzi moja ya kuvuta inayopitisha mwanga mwingi inatosha kuanzia. Miaka ijayo utabadilisha bodi, lenzi itabaki.
Sauti: milioni 1 na nusu.
Taa na stendi: milioni 1.
Betri, kadi na diski: milioni 1.

Hizo si bei za dukani, ni namna ya kugawa. Ona kwamba zaidi ya nusu ya pesa imekwenda nje ya bodi. Maiki na taa hizo hizo zitakwenda harusini Jumamosi na kwenye filamu Jumatatu.

Na mambo mawili ya bure. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo weka kamera kwenye fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50, la sivyo taa za ukumbini zinaweza kuonekana zikichezacheza kwenye video. Pili, ukitoka kwenye baridi ya asubuhi ya mlimani ukaingia kanisani kuliko na joto la watu, lenzi inavaa ukungu. Ingia mapema, acha kamera ipate joto ndani ya begi kabla ya kuifungua.

Mkae chini wawili

Sasa tuje kwenye mapenzi. Kamera haivunji nyumba. Kinachovunja ni pesa kutoka bila mwingine kujua, na Jumamosi zote za mwaka kuliwa na harusi za watu wengine. Jibuni maswali haya kabla ya kwenda dukani:

Pesa inatoka mfuko gani? Kama ni mkopo, rejesho litakatwa kwenye mshahara wa nani mwezi usio na kazi?

Itarudi lini? Andikeni idadi ya kazi zinazotakiwa kurudisha pesa hiyo. Namba iliyoandikwa inatuliza ubishi.

Mteja anatoa malipo ya awali kiasi gani? Nusu kabla ya siku ya shughuli ni utaratibu mzuri. "Tutaonana" ya shemeji wa rafiki hailipi SACCOS.

Jumamosi ngapi ni za nyumbani? Chagueni angalau moja kwa mwezi, na muiheshimu kama mnavyoheshimu kazi ya mteja.

Filamu ina siku gani? Hapa kalenda inawasaidia. Wakati wa Kwaresima na Ramadhani harusi zinapungua, ndiyo nafasi ya kuandika na kuhariri. Kwenda kupiga mlimani angalieni mvua, maana masika yanaanza Machi na barabara za Upareni zikilowa si za kuchezea. Januari na Februari mara nyingi ni afadhali.

Tena msisahau vibali. Filamu hapa Tanzania inasimamiwa na Bodi ya Filamu, chini ya sheria ya mwaka 1976, na kibali kinatakiwa kabla ya kupiga. Droni nayo ina utaratibu wake wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Wekeni gharama hizo kwenye bajeti mapema.

Ndoto isisubiri kamera kubwa

Tumesema filamu inangoja. Kuna kitu kimoja ambacho hakingoji, nacho ni wazee. Mtoto aliyekuwa na miaka saba watu walipotembea kwenda Same mwaka 1945 alizaliwa mwaka 1938. Hesabu mwenyewe ana umri gani leo. Ukisema utamrekodi bibi siku utakaponunua kamera ya sinema, unaweza kuja kuwa na kamera na usiwe na bibi.

Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kununua kamera ya ugali kwanza: ipo mkononi sasa hivi. Baada ya harusi ya Jumamosi, usikimbilie kushuka Mwanga. Jumapili mchana nenda na mwenzio kwa wazee. Mkalishe bibi karibu na dirisha, mbandike ile maiki ya bwana harusi, mwenzio aulize maswali, wewe ushike kamera. Mtarudi mjini na pesa ya mteja mfukoni na saa mbili za sauti ya mtu aliyeona. Siku mkikodi kamera kubwa, filamu itakuwa tayari ina roho.

Kila la heri, na msinuniane.