Makala Iliyotaka Dola

Kila wiki za UE zikikaribia, lawama ni ile ile: wanachuo wa siku hizi hawasomi, wanaishi kwa madesa. Sikatai, madesa yapo, na steshenari za nje ya geti zinalila boom letu kwelikweli. Lakini ukiuliza kwa nini mtu aache kitabu kizima akanunue kurasa 12 za fotokopi, mara nyingi jibu liko kwenye huduma za maktaba, si kwenye uvivu wake.

Mwaka jana nilikuwa naandaa andiko la utafiti. Hosteli nilikosa, naishi mtaani. Saa nne usiku nikaipata makala niliyoitafuta siku tatu, nikabofya, ukurasa unadai dola. Nikaachana nayo, nikaandika kwa kutegemea muhtasari tu. Msimamizi akalirudisha andiko lote: hoja haina msingi. Wiki hiyo hiyo, nikiwa maktaba kwenye Wi-Fi ya chuo, nikaifungua makala ile ile. Ikafunguka yote, bure! Kumbe chuo kilishailipia zamani.

Iko hivi. Chuo hulipia majarida kwa mwaka, au huyapata kupitia mpango kama Research4Life, unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu. Mchapishaji hakujui wewe. Mara nyingi anachotambua ni anwani ya mtandao wa chuo. Ukitoka getini na bando lako, unakuwa mgeni kama mgeni mwingine. Dawa ni akaunti ya kuingilia ukiwa nje: inapitisha ombi lako kwenye seva ya chuo, na mlango unafunguka. Mimi nilionyeshwa na mkutubi kwa dakika tano. Semina ya kutufundisha hayo ilifanyika siku ambayo mwaka wa kwanza wote tulikuwa kwenye foleni ya usajili.

Vitabu vya karatasi navyo vina lao. Kopi mbili, darasa la watu 300. Ndiyo maana kuna rizavu: unapewa kitabu kwa saa chache, unakisomea humo humo, unamwachia mwenzako. Utaratibu mzuri, ila maktaba ikifungwa mara tu vipindi vya jioni vinapoisha, zamu yako utaipata lini?

Majengo yanasaidia, bila shaka. Maktaba mpya ya Mlimani, iliyofunguliwa 2018, inachukua wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Lakini kiti hakikuambii kwamba jarida unalolihitaji limeshalipiwa. Hiyo ni kazi ya mtu wa kaunta, na ya saa ambazo kaunta iko wazi. Ombi letu kwa serikali ya wanafunzi liwe hilo: semina irudiwe wiki ya tano, watu wakishatulia, na saa ziongezwe kabla ya UE.

Wewe usisubiri. Kesho nenda na kitambulisho, uliza akaunti ya kusomea nje ya kampasi.