Fedha ya simu: Mzee ataka kuhesabu, si kusoma

WAUZAJI wengi wa alizeti mkoani Singida siku hizi hulipwa kwa simu. Malipo ya namna hiyo yalianza kuenea nchini baada ya Vodacom kuleta M-Pesa mwaka 2008, na yamepunguza hatari ya kutembea na mabunda ya noti. Hata hivyo, yupo muuzaji mmoja ambaye hajapatana na simu yake hadi leo. Huyo ni baba yangu mzazi, mkazi wa Utemini, Manispaa ya Singida.

Ugomvi wao ni wa siku nyingi. Wakati wa kusajili laini kwa alama za vidole, kabla zisizosajiliwa hazijaanza kuzimwa Januari 20, 2020, Mzee alirudishwa mara tatu kwa sababu mashine haikusoma kidole chake. "Kidole hiki kimelima miaka hamsini, leo naambiwa hakipo!" alilalamika. Safari ya nne kikakubaliwa kidole kingine.

Namba ya siri nayo aliiandika kwa mkaa kwenye mlango wa stoo, katikati ya hesabu za wadeni wake, akisema hakuna mwizi atakayeitambua. Ni kweli, hakuna aliyeitambua. Baada ya wiki mbili hata yeye hakuitambua, ikabidi aombe nyingine.

Msimu mmoja wa mavuno alifika mnunuzi na pikapu. Walikubaliana magunia manane kwa shilingi 60,000 kila moja, yaani shilingi 480,000. Punde simu ililia. Mjukuu akasoma ujumbe kwa sauti kwamba fedha zote zimepokelewa, na makuli wakaanza kupakia.

Mzee akakalia magunia yaliyobaki. "Kwetu fedha haisomwi, inahesabiwa," alisema.

Mnunuzi alimweleza habari za maendeleo, Mzee hakunyanyuka. Mjukuu, kwa kuona aibu, akamwambia: "Babu, tuangalie salio uone mwenyewe." Mzee akawageuzia wote mgongo, akabonyeza namba yake ya siri taratibu, tarakimu moja moja. Salio lilikuwa shilingi 3,700.

Walipoinua macho, pikapu ilikwisha kuondoka na gunia moja. Saba yalisalimika.

Ujumbe ule ulitoka kwenye namba ya mtu binafsi, si kwa jina ambalo kampuni ya simu hutumia kuarifu malipo. Kijana anayeijua simu hakuligundua hilo. Aliyeokoa mali ni Mzee asiyeijua.

Wafanyabiashara wanashauriwa kuzingatia mambo machache. Ujumbe si fedha. Fungua menyu ya huduma wewe mwenyewe na uangalie salio kabla gunia la kwanza halijanyanyuliwa. Namba ya siri usimtajie mtu, wala usiiandike mlangoni. Namba ya tapeli ipelekwe kwa ujumbe kwenda 15040, na kwa kupiga *106# utajua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Mzee kwa sasa anapokea malipo ya simu kama wengine. Ila mnunuzi anapotaja bei, yeye hukaa kwanza juu ya magunia, ndipo huuliza miwani yake iko wapi.