Bega Langu Lilinipotezea Mteja: Mazoezi ya Dumu, Tyubu na Ukuta kwa Muuzaji wa Mtandaoni



Leo siongelei matangazo wala namna ya kupiga picha za bidhaa. Naongelea bega. Ndiyo, bega lako hilo hilo, lililoinama hapo ulipo ukisoma simu.

Mimi niko Sumbawanga. Nauza mtandaoni mchele wa Bonde la Rukwa, maharage na ulezi wa huku juu uwandani Ufipa, na mara moja moja migebuka iliyokaushwa kutoka Kasanga, Ziwa Tanganyika. Wateja wangu wengi wako Dodoma na Dar. Oda zinaingia WhatsApp mchana, nafungasha usiku, alfajiri mzigo unawahi basi stendi.

Mwaka jana mwezi wa sita nilikuwa na viroba vitatu vya mchele, kilo 50 kila kimoja, vya mteja wa Dar aliyekuwa na shughuli Jumamosi. Mteja mzuri, wa kila mwezi, halafu habishani bei. Huku kwetu Juni na Julai baridi haina utani, mji uko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Saa kumi na moja alfajiri mwili wote umekakamaa. Dereva wa bajaji akaniambia, "Mama, ngoja nikusaidie." Nikamjibu, "We mwanangu kaa kwenye usukani, haya mambo nimeyazoea."

Kiroba cha kwanza kikaenda. Cha pili, nilipokinyanyua tu kwenda begani, nikasikia kitu kimekatika kwa ndani. Kiroba kikaanguka, kikapasuka, mchele ukamwagika uani. Kuokota, kupepeta, kufungasha upya, basi likawa limeshaondoka. Mzigo ulifika Jumapili. Shughuli ilishapita.

Mteja hakunitukana. Aliandika "sawa dada" na hakuagiza tena.

Nikakaa karibu wiki tatu siwezi kunyanyua mkono wa kulia hata kuanika nguo. Binti yangu ndiye aliyekuwa anajibu meseji akitoka shule, na oda kubwa zote nikazikataa. Ukipiga hesabu, hakuna tangazo nililowahi kulipia likanigharimu kama lile bega.

Hospitalini mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamweleza. Akasema tatizo halikuanza alfajiri ile. Siku nzima nimeinamia simu, mgongo umepinda, misuli ya nyuma ya mabega imelala. Halafu mara moja kwa siku naiamsha ghafla kwa kilo 50. Akanipa wiki kadhaa za kupumzika na kujinyoosha taratibu, kisha akasema, "Sasa anza kujijenga, na usinunue kitu."

Hapo nikamkumbuka bibi yangu. Wazee wa Ufipa walilima kwa matuta ya mviringo: unafyeka majani, unageuza udongo kwa jembe na kuyafukia chini, yaoze yawe mbolea. Kila tuta ni kuinua, kushusha na kuvuta, msimu baada ya msimu. Bibi hakujua neno mazoezi, lakini mabega yake yalifanya kazi kila upande. Mimi kazi yangu ni kidole gumba na kiroba, katikati hakuna kitu.

Basi nikaanza. Vifaa vyangu ni hivi:

Dumu la lita 5 na chupa mbili za maji za lita moja na nusu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo huna haja ya kununua vyuma. Dumu likijaa una kilo 5 na kidogo, likiwa nusu una kilo 2 na nusu. Ukitaka kuongeza, ongeza kikombe cha maji.

Tyubu ya baiskeli iliyochoka. Nilipewa bure na fundi baiskeli. Mwambie aikate akitoa ile sehemu ya kujazia upepo, upate kamba ndefu ya mpira. Ikague kila mara. Ukiona imepasuka au imeanza kuchanika, tupa, maana ikikatika ukiwa unavuta inakurudia usoni.

Ukuta. Huo unao.

Sasa mazoezi yenyewe. Nafanya siku tatu kwa wiki, dakika ishirini, nikipumzika siku moja katikati, maana misuli inajijenga wakati umepumzika. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki, kwa hiyo hata mbili zinatosha kuanzia. Kabla ya yote zungusha mabega na mikono dakika tatu mpaka mwili upate joto. Kwa baridi yetu, hili usiliruke.

1. Pushapu za ukutani. Simama hatua moja kutoka ukutani, viganja usawa wa kifua, mwili umenyooka kama ubao. Shuka taratibu, sukuma urudi. Zikiwa rahisi, hamia kwenye meza imara isiyoteleza, kisha ukingo wa kitanda, mwisho sakafuni. Mimi nilikaa ukutani wiki tatu nzima na sikuona aibu. Hapa inafanya kazi misuli ya kifua, mabega na nyuma ya mkono.

2. Kuvuta tyubu. Kaa chini, nyoosha miguu, pitisha tyubu kwenye nyayo, shika ncha mbili. Vuta viwiko kurudi nyuma huku mgongo umenyooka, kama unataka mabawa ya mgongo yagusane. Shikilia kidogo, achia polepole. Kama una muda wa zoezi moja tu, fanya hili, ndilo linalorudisha mabega yaliyoinamia simu.

3. Kusukuma chupa juu. Chupa moja kila mkono, anzia mabegani, sukuma juu ya kichwa, shusha taratibu. Usipinde kiuno kurudi nyuma. Kama bega lina maumivu ya zamani, anza na chupa tupu au liache kwanza zoezi hili.

4. Kukunja kiwiko. Shika dumu, kiwiko kimebana ubavuni, kunja mpaka karibu na bega, shusha polepole. Kushusha ndiko wengi wanakokuharakisha, na kushusha nako ni kazi.

5. Kubeba na kutembea. Chukua madumu mawili ya uzito sawa, moja kila mkono, tembea uani nusu dakika, mabega nyuma, macho mbele. Ukishateka maji kisimani au bombani, hili unalijua. Tofauti ni kwamba sasa unatembea wima bila kuegemea upande mmoja.

Kila zoezi kati ya hayo manne ya kwanza fanya mara 8 hadi 12, pumzika dakika moja, kisha rudia mpaka mizunguko mitatu. La kubeba nalo tembea mara tatu. Acha pale unapohisi ungeweza kuongeza mbili tu za mwisho. Ukifikisha 12 bila kutetemeka mizunguko yote, ongeza kikombe cha maji. Ni kama mtaji: hauanzi na gunia mia, unaanza na debe, likizunguka unaongeza.

Sasa tuambiane ukweli, kwa sababu mtandaoni kuna maneno mengi.

Huwezi kuchagua mafuta ya mkono yapungue peke yake. Mazoezi ya mkono yanajenga misuli ya mkono. Mafuta yanapungua mwili mzima, taratibu, kutokana na unavyokula na unavyotembea. Anayekuuzia mkanda wa kupunguza mikono kwa siku saba anataka hela yako.

Kina dada wanaoogopa watatoka mikono kama ya mbeba mizigo, tulieni. Misuli mikubwa inataka vyuma vizito, chakula kingi na miaka. Dumu la lita 5 litakupa mkono uliokaza na bega lenye umbo, basi.

Wiki za mwanzo utahisi nguvu imeongezeka lakini kwenye kioo huoni kitu. Ni kawaida. Kwanza mishipa ya fahamu inajifunza kuiamsha misuli, umbo linafuata baadaye. Usikate tamaa wiki ya tatu.

Chakula hatununui cha makopo. Maharage, dagaa, mayai na karanga vinajenga misuli, na vingine unaviuza mwenyewe.

Maumivu ya misuli kesho yake ni kawaida. Maumivu makali ya kiungo, ganzi inayoshuka mkononi, au kifua kubana, hayo si ya kuvumilia: acha na uende hospitali. Mwenye presha, mjamzito au aliyewahi kuumia bega, ongea na mtaalamu kabla ya kuanza.

Na jambo la mwisho, hili ni la biashara kabisa. Shirika la Kazi Duniani mwaka 1967 lilipendekeza mwanaume mtu mzima asibebeshwe mzigo unaozidi kilo 55, na wanawake na vijana wabebeshwe pungufu zaidi ya hapo. Sisi huku tunabeba gunia la kilo 100, na lumbesa juu. Nguvu unayoijenga si ruhusa ya kubeba ujinga. Mimi sasa nafungasha viroba vya kilo 25 tu. Mteja akitaka 50, anapata viwili. Nanyanyua kwa kupiga magoti, mzigo umegusa kifua, na dereva wa bajaji akisema "ngoja nikusaidie", namwachia.

Ni miezi minane sasa. Pushapu nafanya sakafuni, kumi na moja, ya kumi na mbili bado inanishinda. Binti yangu naye kajiunga, anasema tyubu ni yake. Tangu alfajiri ile sijakosa basi hata mara moja.

Yule mteja wa Dar hajarudi, na sitegemei. Lakini kila nikishika tyubu namkumbuka. Wewe usisubiri somo lako likufikie kwa njia ya mchele kumwagika uani. Kesho asubuhi, kabla hujafungua simu kuangalia oda, simama mbele ya ukuta. Pushapu nane tu. Halafu fungua biashara.